Mnaosema kubadili gasketi ya hedi nyumbani ni kazi ndogo, mnatuharibia injini

Wakuu heshima kwenu, ila leo nina hasira na sitaki kubembelezwa.

Hizi video za "fanya mwenyewe" za kubadili gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wa injini), anazitengeneza nani? Jamaa anafungua bolti za egzosti zinatoka laini kama skrubu za rimoti, halafu wewe ukifika kwenye yako, ile ya nyuma kabisa ambako hata mkono hauingii, umeshapulizia mafuta ya kulegeza kutu, umesubiri, unavuta taratibuuu, tak! kichwa kimebaki kwenye soketi na shina limebaki ndani ya hedi. Hapo kwenye video pamekatwa, jamaa anarudi mikono misafi.

Sawa, hiyo naisamehe. Kinachonichefua ni kuruka sehemu ambazo ndio kazi yenyewe. Gasketi mara nyingi inaungua kwa sababu gari limechemsha, na hedi ya aluminiamu ikichemshwa inapinda. Kwa hiyo unaweka rula nyoofu ya chuma juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, unapitisha fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia upenyo) chini yake. Injini nyingi zinavumilia 0.05 mm, nyingine mpaka 0.1, ikizidi hapo hedi inaenda kuchongwa kwa mashine, hakuna mjadala. Mtaalamu wetu wa video yeye kapitisha kitambaa, "iko poa", kabandika gasketi.

Halafu kuna hawa wa kusafisha bloku kwa diski ya msasa kwenye drili, jamani!! Lile vumbi linaingia kwenye njia za oili na kwenda kukwangua beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). General Motors wenyewe walishawaonya mafundi wao waache huo mchezo. Kwangua na kikwanguo cha plastiki, utachelewa lakini hutaua injini. Na matundu ya bolti yakaushwe mpaka chini, maana oili au kulanti (maji ya kupozea injini) ikibaki humo ukakaza bolti juu yake haina pa kwenda, kitakachopasuka ni bloku.

Bolti sasa. Injini nyingi za kisasa zina bolti za hedi zinazovutika zikikazwa, unakaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kisha unaongeza kwa nyuzi za pembe, mfano 90 na 90 tena, kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje. Zikishavutika hazirudi, unanunua mpya. Mimi nimeuziwa "seti kamili" ya gasketi haina hata bolti moja, namuuliza muuzaji ananijibu hizo za zamani bado nzima kaka. Nzima kwa kipimo gani? Na kwenye video nako ni "kaza mpaka usikie imekaa". Imekaa wapi?? Namba zinatofautiana injini na injini, ndio maana nataka namba.

Ya taiming (krenki na valvu kwenda kwa mpangilio mmoja) sisemi sana, ila kama hujazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama zikarudi sawa, ukapiga starta tu na kumbe taiming umeikosea, kwenye injini nyingi pistoni inakwenda kugonga valvu na unaanza upya.

Najua mtakuja na "peleka kwa fundi tu mkuu". Fundi wa mwisho kuigusa injini hii alipaka silikoni kwenye gasketi ya hedi, nimeikuta imejiviringa kwenye tundu la kulanti, ngumu, nimeitoa kwa koleo ndogo. Ndo nimpelekee tena?

Aliyefanya mwenyewe kwa kitabu cha injini yake aandike hapa injini gani, alikaza kiasi gani, kwa mpangilio upi. Wale wa "mi nilikaza kwa mkono tu na gari linatembea mpaka leo" naomba mpite kimya kimya.