Tupeane uzoefu: episodi ya kuimba kwenye drama, ilifungua fundo ama ilifunika tu na muziki?

Mtazamaji_Umoja
Wadau habari zenu. Hizi wiki za mvua nimerudia Buffy the Vampire Slayer yote, ile drama ya Marekani ya binti Buffy anayewinda vampaya na nimekwama kwa ile episodi ya kuimba, Once More, with Feeling, sizini ya 6, ilitoka Novemba 2001. Tupeane uzoefu: umewahi kufuata drama unayoipenda, katikati wakaleta episodi ya nyimbo, je stori ilifunguka ukaridhika ama walipitisha muziki juu wakasonga?

Naanza mimi. Kuna jini anaitwa Sweet ameingia mji wa Sunnydale, kila mtu anajikuta anaimba siri zake hadharani na kuna wanaocheza hadi wanawaka moto. Sasa fundo la juu, yaani nani alimwita huyo jini, limefunguliwa kizembe sana. Xander, rafiki wa Buffy, anajitokeza mwishoni kabisa anasema ni mimi, nilitaka kuhakikisha mambo yetu yataisha vizuri, jini anacheka anaenda zake. Basi! Mtu ameungua hadi kufa na hakuna anayemwuliza Xander swali hata moja, hiyo iliniuma na bado inaniuma.

Lakini fundo la ndani hilo nitalitetea hadi kesho. Buffy alikuwa amekufa, marafiki wakamrudisha wakidhani wamemtoa jehanamu, kumbe alikuwa peponi, amelibeba hilo moyoni na hawezi kuwaambia kwa sababu wao wanangoja asante. Kwa wimbo anawaambia uso kwa uso. Angalieni uso wa rafiki yake Willow hapo. Maneno kama hayo yakishatoka hayarudi mdomoni. Na episodi inayofuata tu Tara anamwacha mpenzi wake Willow na Giles, mlezi wa Buffy, anaondoka kurudi Uingereza, halafu mbele huko Xander anamwacha mchumba wake Anya siku ya harusi, na hofu zenyewe walikuwa wameshaimbiana nyumbani kwao tukidhani ni wimbo wa kuchekesha. Kwa hivyo mimi siangalii wimbo wa mwisho, naangalia episodi ya baadaye, kama watu wanaweza kurudi walivyokuwa basi nyimbo hazikufungua kitu. Leteni zenu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Mimi ni Grey's Anatomy, drama ya madaktari wa hospitali, ile ya Machi 2011. Daktari Callie ana mimba, wako kwa gari na mpenzi wake Arizona, Arizona anamwambia nioe, gari inagonga lori. Episodi nzima Callie anajiona amelala huku madaktari wanaimba juu yake. Yule mwigizaji, Sara Ramirez, ni mtu wa jukwaa, alishinda tuzo ya jukwaa ya Tony 2005 kwa hivyo sauti ipo, sina neno. Shida yangu ni mtoto. Anazaliwa wiki 23. Nimefanya kazi wodi ya watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao, najua mtoto wa hivyo anakaa aje, ngozi inaonekana mishipa, mkono mzima haufiki ukubwa wa kidole chako, na mama anakaa kando ya inkubeta wiki na wiki anakamua maziwa tone tone hajui kama ataitwa mama. Hao wanaimba, mtoto anachezesha mkono, Callie anaamka anasema ndio nitakuoa, mwisho. Kilichookoa maisha ni upasuaji, wimbo haukufanya kazi yoyote. Ungetoa nyimbo zote stori ingeisha vile vile. Lakini nisiseme uongo, ile "ndio" yake nililia, nikaenda zamu na macho mekundu.

Kijana_wa_Kawangware
@Nesi hapo kwa ukitoa nyimbo stori inaisha vile vile umenigusa. Sisi tumekulia kwa kibanda cha vidio, viti ni mbao, unalipa unakaa na sinema ya Kihindi imetafsiriwa na DJ. Sasa DJ wetu alikuwa anarusha nyimbo, wimbo ukianza anapeleka mbele ndio afike vita haraka. Unaacha watu wamekosana kabisa, binti amerudisha pete, baba amefunga mlango, picha inakimbia kidogo, unapata wameshikana mikono kando ya mto na baba anacheka. Sisi watoto tunaulizana, wamesameheana saa ngapi? Siku moja nikaiona nzima kwa jirani, nikagundua msamaha wote ulikuwa ndani ya wimbo, kijana amekuja kila siku amesimama kwa mvua hadi mama wa binti akamletea mwavuli. Tangu hapo siamini mtu akisema nyimbo ni mapumziko.

Shangazi_Buru
Mimi sipendi hata moja, mtu ana siri aketi chini aseme. Lakini nawasoma.

Kapteni254
Shangazi subiri nikuletee moja. Star Trek: Strange New Worlds, drama ya meli ya angani, sizini ya 2 episodi ya 9, Agosti 2023, mara ya kwanza kabisa Star Trek kufanya ya kuimba. Meli imekumbana na ufa angani, wakatuma wimbo ndani yake na sasa kila mtu hisia zikimjaa anaimba bila kupenda, hata mambo ya siri za kazi yanaweza kutoka hivyo, kwa hivyo ni hatari kweli. Anayefungua ni Uhura, mtu wa mawasiliano, anasikiliza mpangilio anaona wakiimba wote kwa pamoja ule ufa utavunjika. Wanaimba meli nzima, hadi Wakilingoni, wale mahasimu wao, wanaingia! Hapo wimbo ndio spana yenyewe, uking'oa meli inabaki imekwama. Na kuhusu kipimo cha Mtazamaji: La'an, afisa wa meli, anamwambia mwenzake Kirk anayempenda yaliyo moyoni, Kirk anajibu kwa heshima kwamba ana mtu na huyo mtu ana mimba. Nesi Chapel anaimba kwa furaha amepata nafasi ya masomo, mpenzi wake Spock amesimama pale pale anasikia kwamba ameachwa. Hakuna wimbo unaomrudishia Spock mpenzi.

Mwalimu_wa_Drama
Nimefundisha wanafunzi wa tamasha la drama la shule miaka mingi, na mahali tunapotezea maksi ni hapa hapa. Wahusika wanagombana shamba, ngoma inaanza, wakimaliza kucheza wamepatana. Majaji wanauliza nani amelegeza na kwa nini. Siku hizi nawalazimisha watoto waandike kila ubeti nani anapoteza nini, kama hakuna anayepoteza tunaukata hata kama una sauti tamu, na wanaununia kweli kweli.
Kwa kipimo hicho mimi naona Xena, drama ya shujaa wa kike na rafiki yake Gabrielle, ile episodi ya 1998, The Bitter Suite, haikufaulu. Binti wa Gabrielle ameua mtoto wa kiume wa Xena, Xena amemburuta Gabrielle nyuma ya farasi kwa hasira, hayo ni mambo mazito kuliko drama nyingi zinazothubutu. Wanaangukia nchi ya nyimbo, wanaimba, wanatoka ufukweni wanacheka majini. Mtoto bado amekufa jamani.

Xena_Damu
Mwalimu hapana! Umeruka mahali Xena anakiri. Mtoto wake hakuwahi kujua kama huyo ni mamake, na pale ndani ya nchi ya nyimbo ndio anamwambia huyo mtoto, Solan, ukweli na kumwomba msamaha. Hicho ndicho anapoteza, anapoteza ile kinga ya kumlaumu Gabrielle peke yake.

Mwalimu_wa_Drama
Hiyo nakubali ni sehemu nzuri kuliko zote za episodi. Lakini ni Xena na mtoto. Kati ya Xena na Gabrielle, nani alisema nini kuhusu farasi?

Mtazamaji_Umoja
Hilo la farasi na mimi nangoja jibu. @Xena_Damu ukipata dakika kamili tuwekee, leo usiku nairudia. Na Shangazi, ya Star Trek nitakuwekea kwa flash, ukiona Spock amesimama pale uniambie angeketi chini aseme nini.