Mwanagenzi kwenye makumbusho madogo ya historia: miezi 3 ya mafunzo kwa vitendo, nianzie wapi?

Mwanagenzi

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine salaam. Wiki ijayo naanza mafunzo kwa vitendo ya miezi 3 kwenye makumbusho madogo ya historia. Watumishi ni wawili. Kuna stoo moja, rejista ya kuandikwa kwa mkono, na maboksi kama 40 yenye vitu mchanganyiko ambavyo havijasajiliwa: picha, nguo, zana za chuma, vyungu, barua. Kazi yangu ni kusaidia kuweka kumbukumbu sawa, na mwishoni niandae kabati moja la maonesho.

Nadharia ninayo. Ninachoomba ni kazi yenyewe: nianze na kipi, namba inaandikwaje juu ya kitu, na makosa yapi yakishafanyika hayarudi nyuma?

Rejista

Karibu kwenye fani. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote hufanyika siku ya kwanza: kufungua boksi na kuanza kupanga, nguo huku, picha kule. Vitu vilivyokaa boksi moja mara nyingi vilitoka nyumba moja au kwa mtu mmoja, na ukivitenganisha kabla ya kuandika, uhusiano huo umeufuta. Piga picha boksi likiwa limefungwa, likiwa wazi, kisha kila tabaka unaloondoa. Kipande cha karatasi kilichoanguka chini usikitupe. Huenda ndicho chenye jina la aliyevitoa.

Kabla ya boksi lenyewe, soma rejista yote, ukurasa kwa ukurasa, ujue namba zinaundwaje. Usibuni mfumo wako hata kama uliopo haukupendezi. Ule unaotumika sana una sehemu tatu: 2024.7.3 ni kitu cha 3 katika kundi la 7 lililopokelewa mwaka 2024. Huo ni mwaka wa kupokelewa, si wa kutengenezwa, wala si mwaka unaosajili wewe. Kikombe na kisahani chake hubaki namba moja, kisha a na b.

Vitu vya maboksi hayo usivipe namba za kudumu haraka. Baadhi huenda vimo kwenye rejista tayari ila kibandiko kilidondoka, na ukivisajili upya utakuwa na kitu kimoja chenye namba mbili. Vipe namba za muda zenye alama yake, mfano M.1, M.2, kwenye lebo ya kufunga kwa uzi. Ukimaliza kulinganisha na rejista, mhifadhi ndiye anayeamua.

Kwa kila kitu andika: namba, jina, maelezo, malighafi, vipimo kwa sentimita (taja kipi ni kimo, kipi upana, kipi kina), hali, chanzo, mahali kilipo, picha yenye rula pembeni, jina lako na tarehe. Andika unachokiona, si unachokidhani. “Taa ya zamani” haimsaidii mtu. “Taa ya mafuta ya taa, bati, mpini wa waya, kioo kina ufa wa sm 4 kuanzia ukingo wa juu, upande wa kifungua utambi, kitakoni kuna herufi J.M. kwa rangi nyeupe” inamsaidia hata polisi siku taa ikiibwa. Metali ya njano iandike “metali ya rangi ya njano” mpaka ithibitike ni shaba au dhahabu.

Mahali pawe na msimbo unaotoka kwenye kikubwa kwenda kwenye kidogo: chumba, kabati, rafu, boksi. Kitu kikihama, rekodi ibadilike saa hiyohiyo, si jioni.

Brashi Ndogo

Mimi nijibu la namba, maana hapo ndipo vitu vingi huharibiwa na watu wenye nia njema.

Kanuni ni kwamba namba isitoke yenyewe, ila mtu akitaka kuitoa iweze kutoka bila kuacha alama. Kwa vyungu vilivyochomwa vizuri, kioo na metali isiyopakwa rangi, tunatumia Paraloid B-72 (resini angavu ya akriliki, hukauka kama vanishi) iliyoyeyushwa kwenye asetoni, takriban asilimia 20 kwa uzito. Tafuta sehemu isiyoonekana kitu kikiwa kwenye maonesho, lakini isiwe pale kinapokalia, kwa sababu itasuguliwa. Isiwe kwenye nakshi wala penye kubanduka. Ondoa vumbi kwa brashi laini, paka utepe mwembamba wa sm 3 kwa 1, uache ukauke kabisa. Andika kwa wino wa pigmenti, herufi za mm 2 hadi 3. Ukikauka, paka tabaka la juu.

Tabaka la juu ndilo huwatoa jasho wanagenzi. Asetoni yake huyeyusha tabaka la chini, na ukisugua mara mbili namba inageuka doa. Pitisha brashi mara moja tu, au tumia Paraloid B-67, ndugu yake, iliyoyeyushwa kwenye spiriti nyeupe (white spirit ya kupunguzia rangi ya mafuta) kwa tabaka la juu, maana hiyo haiamshi ile ya chini. Na dirisha liwe wazi: mvuke wa asetoni si wa kuchezea, na unashika moto upesi.

Usipake dawa hii kwenye plastiki (asetoni huila), wala kwenye kitu kilichopakwa rangi au vanishi, wala ngozi, wala ufinyanzi laini unaomomonyoka. Vitu hivyo vifungie lebo kwa uzi wa pamba. Nguo: andika kwenye utepe wa pamba uliofuliwa, wino ukauke, kisha ushone ncha zote mbili kwa mishono michache, sindano ikipita kati ya nyuzi bila kuzitoboa. Chagua sehemu moja, mfano ndani ya ukosi, na iwe hiyohiyo kwa nguo zote, ili anayetafuta asigeuzegeuze vazi zima. Karatasi: penseli laini ya 2B, nyuma, pembeni chini, bila kukandamiza. Picha zenye karatasi ya plastiki hazishiki penseli, kwa hiyo namba iende kwenye mfuko wake.

Stika, selotepu, rangi ya kucha, kalamu ya bolpeni, pini za stepla na raba bendi viondoke kabisa mezani pako. Gundi ya selotepu hupenya kwenye karatasi na kuacha rangi ya kahawia isiyotoka.

Mikono Safi

Niongeze la glovu, kwa sababu wengi wanafundishwa “glovu nyeupe za pamba kwa kila kitu”, na si sahihi. Karatasi na vitabu ni mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Pamba hukupunguzia hisia za vidole, na ukingo wa karatasi unachanika. Kioo na kauri: pamba huteleza. Metali, picha na negativu: glovu za nitraili, kwa sababu chumvi ya jasho huacha alama ya kidole inayokula chuma polepole.

Birika usilinyanyue kwa mpini, wala kiti kwa mgongo wake. Hizo ndizo sehemu zilizowahi kuunganishwa kwa gundi. Mkono mmoja chini, mwingine ubavuni, na ujue utakakokiweka kabla hujakinyanyua.

Ukikuta wanyama au ndege wa zamani waliokaushwa, chukulia wana aseniki (sumu iliyopakwa kuzuia wadudu) mpaka ithibitike vinginevyo. Filamu za kabla ya miaka ya 1950 huenda ni za nitreti ya selulosi, zinazowaka kwa ukali: usizipashe moto, mwite mhifadhi. Zinazonuka siki ni za asetati inayooza. Zitenge na nyingine.

Mwanagenzi

Asanteni sana, wakuu. Nimeambiwa pia maboksi mawili yana ukungu mweupe, na kuna kigoda chenye vitundu na unga chini yake. Kipimo cha unyevu hakuna. Nafanyaje?

Stoo Kavu

Maboksi hayo na kigoda vitenge siku ya kwanza, kabla ya kusajili chochote. Ukungu usiufute kwa kitambaa kibichi, maana unausambaza na kuunywesha. Vaa barakoa ya FFP2 au N95, peleka boksi kwenye chumba kingine chenye hewa kavu, liache mpaka ukungu ukauke na kuwa unga. Hapo ndipo unausukuma kwa brashi laini kuelekea mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio la HEPA, linalonasa chembe ndogo sana. Kwa mashine ya kawaida mbegu za ukungu hurudi chumbani. Ukungu huota unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 na kukaa hapo. Kwa mikusanyo mchanganyiko, kati ya 45 na 55 panafaa, ila kupanda na kushuka ghafla huumiza zaidi kuliko namba yenyewe. Chuma kinapendelea ukavu zaidi, kwa hiyo kiweke kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli (punje zinazofyonza unyevu).

Kipima unyevu cha kidijitali si ghali, lakini usikiamini kabla ya kukijaribu. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Ifungie na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, usiku kucha. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 69, ujue kinapunguza 6.

Kigoda: kiweke juu ya karatasi nyeusi kwa wiki moja au mbili. Unga mpya ukionekana, wadudu wangali hai. Kama ni mbao tupu, kifunge kwenye polithini, toa hewa, kiingie friza: wiki 2 kwa nyuzi -18, au siku 3 kwa -30. Kikitoka, mfuko usifunguliwe kwa saa 24. Ukifungua mapema, umande utatua juu ya kitu badala ya nje ya mfuko. Kioo, michoro ya turubai na vitu vya mbao vilivyotiwa njumu visiingie friza.

Rejista

Kuhusu kabati la mwisho: andika sentensi moja ya unachotaka mtu aondoke nacho, kisha uchague vitu vinavyoibeba, si kinyume chake. Vitu 8 hadi 12 vinatosha. Lebo ya maneno kama 50, ikianza na kile jicho linaona. Nguo, karatasi na picha visipate mwanga wa zaidi ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaokifikia kitu), na barua halisi ikiwezekana ibaki stoo, utumie nakala na useme wazi ni nakala. Rangi ya kabati ikauke wiki 4 kabla ya vitu kuingia. Kitambaa cha sufu usikitandike chini ya fedha, salfa yake huipa weusi. Na pale kitu kilipotoka stoo, acha kadi yenye namba, tarehe na kilikokwenda.

Mwanagenzi

La mwisho: mtu akija na kitu cha kutoa, na mhifadhi hayupo?

Rejista

Usikipokee kama zawadi, usimwambie thamani yake, na usithibitishe kuwa ni halisi. Ukilazimika kukishika, andika stakabadhi ya amana nakala mbili: jina na mawasiliano yake, maelezo na hali ya kitu, picha, sababu ya kuletwa, tarehe ya mwenyewe kukifuata makumbusho yasipokichukua, saini zenu wote. Muulize alikipataje na uandike maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu kitu kilichochimbwa au kuvushwa mpaka kinyume cha sheria hakiingii, na Mkataba wa UNESCO wa 1970, wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, ndio unaorejewa hapo. Umiliki unahama pale tu hati ya makabidhiano itakaposainiwa na mwenye mamlaka, yaani si wewe. Hata “mkopo wa kudumu” usiukubali: hakuna anayejua ni wa nani baada ya aliyeutoa kufariki.