Usaili wa ajira serikalini: tunapima uadilifu au tunapima kukariri?

MwanaIramba
Wakuu, heshima mbele. Juzi nilikuwa kwenye usaili wa mchujo wa kazi ya serikali, taasisi naihifadhi. Swali mojawapo lilitaka tutaje nguzo nane za maadili ya utumishi wa umma, zile za Kanuni za 2005. Nikazitaja zote: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, kufanya kazi kwa uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, matumizi sahihi ya taarifa. Jirani yangu wa kushoto naye alizitaja zote, maana alikuwa kaziandika kwa kalamu kwenye kiganja. Msimamizi akija anakunja ngumi, akishapita anafungua. Neno "uadilifu" lilikuwa pale chini ya kidole gumba, nimelisoma kwa macho yangu. Majina yametoka, tumepita wote wawili, tunasubiri mahojiano.

Na mahojiano yenyewe tunayajua. Ukiulizwa "mteja akikuletea bahasha utafanyaje?", wataingia watu mia na wote mia watasema watakataa na kutoa taarifa TAKUKURU.

Hoja yangu: kabla mtu hajakabidhiwa muhuri wa serikali, kwa nini asiulizwe mwenyekiti wa mtaa wake, au wale wa kikundi alichokuwa mweka hazina? Au tabia haipimiki mpaka mtu apewe ofisi? Karibuni.

HojaMezani
Naunga mkono nusu. Kila tunapoomba kazi tunaandika wadhamini watatu. Hebu mtu hapa aseme ni lini mdhamini wake alipigiwa simu. Tukiongeza barua ya mwenyekiti wa mtaa, nayo itakuwa na bei yake ndani ya wiki moja.

Halafu nikuulize, mleta mada. Ulimwona na kiganja chake. Ukafanya nini?

KaraniMstaafu
Vijana, nimefanya kazi masjala miaka 31. Uadilifu wa ofisi haukai kwa mkurugenzi, unakaa kwa yule anayejua faili liko wapi. Sisi tuliingia kazini tukiwa na ahadi za TANU kichwani: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." "Cheo ni dhamana." Hatukuziandika mkononi, tulizisema kwa sauti mbele ya watu waliotujua, na ukiyumba waliokusikia ndio hao hao wanaokukumbusha.

Na niseme jambo ambalo wengi hawatalipenda. Baadhi ya wale waliotolewa kwa vyeti feki mwaka 2017 walikuwa wachapakazi kuliko hawa wenye vyeti halali wanaoshinda kwenye simu mteja kasimama dirishani. Nilifanya nao kazi, nawajua.

ZamuYaUsiku
Mzee shikamoo, lakini hapo hapana. Mimi ni muuguzi. Nimesoma kwa ada ambayo baba yangu aliuza ng'ombe wawili kuilipa, nikakaa mtaani miaka minne na cheti changu halali nasubiri kibali cha ajira. Wakati nasubiri, kuna aliyekuwa amekalia kiti changu kwa karatasi ya kughushi. Watu 9,932, mzee. Ndiyo idadi aliyokabidhiwa Rais Magufuli pale Dodoma Aprili 28, 2017. Usiniambie walikuwa wachapakazi. Mwizi naye huamka mapema.

PwaniMchangani
Wewe muuguzi acha ukali. Wale watu walionewa. Walitolewa madereva na wahudumu wa ofisi wa darasa la saba waliotumikia nchi hii miaka 20, wakaambiwa vyeti vyao feki wakati hata vyeti hawakuwahi kudanganya.

Na mzee wa masjala naye asijitakase. Sisi wananchi tunaijua masjala. Ndiko lilikozaliwa neno "faili halionekani". Ukitoa elfu kumi linaonekana kabla hujakaa.

HojaMezani
Mkuu Pwani, unachanganya mambo mawili. Uhakiki wa vyeti uliangalia vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu. Walioghushi ndio hao 9,932. Wa darasa la saba ni suala jingine: sharti la kidato cha nne lilianza Mei 20, 2004, na waliokuwa wameajiriwa kabla ya tarehe hiyo serikali ilikuja kuwarudisha kazini 2018. Hao hawakudanganya mtu na ndiyo maana walirudishwa. Tusiwaweke kapu moja, tutakuwa tunawatukana.

PwaniMchangani
Sawa, nimeelewa la tarehe. La masjala silifuti.

MtotoWaRuvuma
Nimesoma kimya kimya nikashindwa. Shangazi yangu ni mmoja wa hao 9,932.

Yeye aliishia kidato cha pili, ada ilikwisha. Dada yake alimaliza cha nne, akaitwa chuo cha ualimu, akafariki kabla hajaripoti. Babu akasema nafasi isipotee. Shangazi akaenda chuoni kwa jina la marehemu, akafaulu mitihani ya chuo kwa akili yake mwenyewe, akapangiwa shule. Miaka 19 kafundisha darasa la kwanza na la pili. Watoto wote wa pale kijijini, kusoma na kuandika kawafundisha yeye.

Ila nikwambieni kitu ambacho hamjakiona. Nilikuwa naye sokoni, nina miaka kama kumi. Mama mmoja wa kwetu akamwona kwa mbali, akamwita kwa jina lake alilopewa alipozaliwa. Wazazi wa wanafunzi wake walikuwa pale wananunua dagaa. Shangazi hakugeuka. Aliitwa mara tatu. Alikuwa anachambua nyanya, akaendelea kuchambua nyanya, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Miaka 19 aliishi hivyo. Sasa dada Zamu, usimwite mwizi anayeamka mapema.

ZamuYaUsiku
Pole. Sikumjua shangazi yako na siwezi kumsemea moyo wake. Neno la mwizi naliondoa kwake yeye, siliondoi kwa wote, maana humo walikuwemo na walionunua cheti kwa pesa taslimu.

Lakini ulichokisimulia ndicho ninachokisema. Kuna binti mwingine mwaka ule ule aliyekuwa na cheti chake kwa jina lake, akakosa nafasi chuoni. Yeye hana mpwa wa kumwandikia hapa. Sisi tunawahurumia tunaowaona.

MtotoWaRuvuma
Na michango yake ya pensheni je? Miaka 19 kakatwa. Serikali ilipokubali kurudisha mwaka 2022 walirudishiwa ile asilimia 5 yao tu. Watoto aliowafundisha mbona hawakuhakikiwa wakarudishwa?

HojaMezani
Asilimia 5 ndiyo iliyotoka kwenye mshahara wake, ile 15 ni ya mwajiri. Kisheria hesabu imekaa sawa. Kibinadamu tuliache, maana uzi ulikuwa wa usaili.

KaraniMstaafu
Uzi uende kokote, mimi nimeguswa na huyu wa Pwani na nitamjibu.

Kijana, unasema masjala. Nikusimulie. Kulikuwa na mjane akifuatilia faili la mirathi ya mumewe. Anatoka kijijini alfajiri, anafika saa tano, anaambiwa faili halionekani. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne nilikuwa zamu dirishani mwenyewe. Nikamwambia mama keti. Nikapekua kabati zote, nikapekua rejista ya mienendo ya mafaili, hakuna aliyesaini kulichukua. Basi faili halijatoka chumbani. Nikamwambia msaidizi wangu asimame nisogeze kiti chake nitafute nyuma. Akasita. Alipoinuka nikainua mto wa kiti. Faili lilikuwa pale, limebinuka kwa uzito wake. Mwezi mzima amelikalia.

Nilimwandikia taarifa siku ile ile, na alikuwa mtoto wa rafiki yangu. Baba yake hakunisalimia tena mpaka alipokufa. Sasa usiniambie mimi najitakasa. Na huyo aliyelikalia, vyeti vyake vyote vilikuwa halali. Ndicho nilichokuwa nakisema tangu mwanzo, mkanirukia.

PwaniMchangani
Mzee, shikamoo. Kwa hilo nakuomba radhi. Kama ningekukuta wewe dirishani nisingeandika nilichoandika.

KaraniMstaafu
Marahaba. Yameisha.

MwanaIramba
Wakuu, tunaweza kurudi kwenye mada? Niliuliza kama tabia inapimika kabla ya ajira.

Mkulima_Mbozi
Mada ni njaa. Mlipeni mtu mshahara wa kumtosha, uadilifu utakuja wenyewe. Kima cha chini kimefika 500,000 Julai 2025, jumlisha kodi ya nyumba, nauli, ada, na wazazi kijijini. Hapo unamhubiria mtu nguzo nane?

HojaMezani
Waliotajwa kwenye kashfa kubwa za nchi hii ni watu wa kima cha chini? Hata Tume ya Warioba ya 1996, ile ya kuchunguza rushwa, ilitenganisha: kuna wanaopokea kwa sababu kipato ni kidogo, na kuna wakubwa wanaopokea kwa tamaa, walionacho tayari. Mshahara utamsaidia wa kwanza. Wa pili hata ukimpa mara kumi.

Mkulima_Mbozi
Basi turudishe viboko vya Mwalimu Nyerere. Mla rushwa alikuwa anachapwa 24 hadharani.

HojaMezani
Havikuwa hadharani. Ni sheria ya adhabu za chini ya 1963: kifungo kisichopungua miaka miwili, na viboko 12 akiingia gerezani na 12 akitoka, na Mwalimu mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba vya kutokea ni ili akamwonyeshe mkewe. Lakini hata pamoja na hivyo, 1975 ilibidi kianzishwe kikosi cha kuzuia rushwa. Kwa hiyo viboko havikumaliza kitu.

PwaniMchangani
Nina swali kwa dada Zamu, bila ugomvi. Wewe uliyewasema wenzio, hujawahi kupokea kuku wa mzazi?

ZamuYaUsiku
Nimewahi, na nitasema ilivyokuwa.

Nilikuwa zahanati ya kijijini, mwaka wangu wa majaribio kazini. Mama alijifungua salama usiku, mtoto alikuwa amezungukwa na kitovu shingoni. Baada ya siku chache akaja na kuku jike na kibaba cha karanga. Nilipokea. Kumkataa mbele ya mama mkwe wake kungekuwa kumwambia shukrani yake ni uchafu, na huduma nilishampa bila kumdai kitu. Nililala na amani.

Mwezi haukwisha akaja mama mwingine, uchungu umeshika, anashikiliwa na wanawake wawili. Mkono mmoja kashika tumbo, mkono mwingine kashika kuku aliyefungwa miguu. Kabla sijamwuliza ni mimba ya ngapi akaninyooshea yule kuku. Kijijini walikuwa wameshaambiana kwamba nesi yule ukimwendea na kuku anakuangalia vizuri. Yule mama alikuwa amekopa, kuku wa kwao hawakuwa nao.

Niliwaambia kuku wamweke nje. Baada ya mama kujifungua wakamrudisha kuku alikotoka. Na tangu siku hiyo sipokei, hata karanga, hata kama mama mkwe atanuna. Hakuna aliyenifundisha hili darasani. Kanuni zinazungumzia zawadi na nilizisoma, lakini sikuzielewa mpaka nilipomwona yule mwanamke na kuku wa kukopa.

MtotoWaRuvuma
Dada, hapa umeniweka kimya. Nilitaka kuendelea kubishana na wewe.

Mkulima_Mbozi
Mimi bado nasema wewe ulikuwa na moyo tayari. Mwingine angejenga banda.

HojaMezani
Mleta mada, jibu ndilo hilo: miezi 12 ya majaribio ndiyo usaili wa kweli. Kwenye ofisi nyingi imekuwa ni kusubiri barua ya kuthibitishwa tu, mkuu wa kitengo anajaza fomu bila kumwuliza hata mteja mmoja. Waulizwe wajawazito wa ile zahanati. Aulizwe mjane wa mzee Karani. Huko ndiko kunakojulikana nani ni nani.

Ila swali langu la jana umelikwepa. Ulimwona na kiganja. Ukafanya nini?

MwanaIramba
Sikufanya kitu.

Nimeliona swali lako tangu jana, nikawa najibu mengine. Niliogopa kuonekana mbea, na niliogopa kupoteza muda, karatasi yangu ilikuwa haijakwisha. Halafu nilipotoka nikajiambia siyo kazi yangu, kuna msimamizi. Nimesoma habari ya mzee na mtoto wa rafiki yake nikaona aibu. Mimi yule simjui hata jina, na bado nilinyamaza.

Namba yake ya mtihani naikumbuka, ilikuwa inafuatana na yangu. Mahojiano ni Jumatatu. Nikisema sasa, wataona namwangusha mshindani wangu, kwa sababu nafasi ni mbili. Na sina ushahidi, wino ameshaunawa.

ZamuYaUsiku
Wataona hivyo, ndiyo. Na huenda wewe ndiye utakayeulizwa kwa nini ulinyamaza.

MwanaIramba
Hilo ndilo linalonisumbua zaidi ya yote.

KaraniMstaafu
Mwanangu, andika barua fupi. Eleza ulichokiona, siku, chumba, namba, na useme wazi kwamba ulinyamaza. Usiongeze lisilokuwepo na usiombe aondolewe. Hiyo ni kazi yao. Ipeleke kwa mkono kabla ofisi hazijafungwa Ijumaa. Na usiondoke dirishani mpaka wakugongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.