Naomba ushauri: mdogo wangu hataki dawa za "nesi"

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kiume ana skizofrenia, anahudhuria kliniki ya afya ya akili hospitali ya wilaya. Daktari bingwa hakuna pale. Anayemwona na kumwandikia dawa ni nesi aliyesomea magonjwa ya akili. Sasa dogo kagoma. Anasema, "Nesi kazi yake kuchoma sindano, dawa anaandika daktari." Mama naye anamuunga mkono, ndiyo shida yenyewe.

Mimi huyu dada namkubali. Dawa yake ya haloperidol ilipomkaza dogo shingo na mikono ikawa inatetemeka hadi chai inamwagika, yeye ndiye aliyekaa naye, akamuuliza habari za usingizi, akapunguza dozi na kuongeza benzhexol, dawa ya kutuliza madhara hayo. Daktari tuliyemwona mwanzo hata kichwa hakuinua kwenye faili. Uingereza tangu 2006 manesi waliopita kozi maalumu wanaandika karibu dawa zote. Nikamwambia dogo hayo, akanijibu, "Kwani sisi tuko Uingereza?"

Waliouguza au wanaotumia dawa hizi, nisaidieni. Nimpeleke hospitali ya rufaa daktari athibitishe dozi, kisha arudi kliniki yetu? Au nitakuwa namfundisha kumdharau nesi? Nauli si tatizo sana. Hofu yangu ni kwamba ameshaanza kuficha vidonge chini ya ulimi, na usiku halali. Manesi wa afya ya akili mliomo humu, mgonjwa wa hivi mnaanzaje naye?