MJADALA: Daktari mpya aanze kwa mdoli au kwa mtoto?

Jamani wadau, hili tuliongee bila kuogopana. Kila nikisema daktari mpya asimchome mtoto sindano ya mgongo, ile ya kutoa maji ya uti wa mgongo yakapimwe, mpaka afaulu kwanza kwenye mdoli wa mafunzo, najibiwa "mdoli haulii, haurushi miguu, utamfundisha nini?" Mimi ni nesi wa watoto, na huyo mtoto nani anamshika? Ni mimi.

Kuna siku nimemkunja kichanga wa wiki mbili, kidevu kifuani magoti tumboni, daktari anapapasa uti wa mgongo vidole vinatetemeka, alishaona mwenzie akifanya mara moja tu basi. Akachoma, hakupata kitu. Akarudia, hola. Ya tatu maji yakatoka na damu, na yakishachanganyika hivyo maabara wanapata shida kujua hizo seli nyeupe ni za homa ya uti wa mgongo au ni za damu tu, kwahiyo mtoto akaendelea kuchomwa antibayotiki siku kibao kwa kuhofia tu, na mama yake mlangoni anasikia kila kilio. Yule kijana simlaumu hata kidogo, aliyemfundisha hivyo ndo wa kuulizwa. Kwenye mdoli angekosea mara ishirini, mkono ukazoea aingilie wapi na alaze sindano vipi.

Ila na mabosi wanaopenda semina ya siku moja, cheti mkononi, mdoli unafungiwa stoo, hao nao sikubaliani nao kabisa. Hospitali ya Haydom Tanzania walifundisha kozi ya siku moja ya Helping Babies Breathe, ile ya kumsaidia mtoto anayezaliwa hapumui, utafiti ukatoka 2013: kwenye mdoli watu walifanya vizuri zaidi, kwa watoto wenyewe huduma haikubadilika. Baadae wakaleta mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na utafiti wa 2015 ukaonyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vimepungua. Tofauti ni kurudiarudia tu.

Kweli mdoli haulii, ndo maana nataka mara ya kwanza kwa mtoto, daktari mzoefu asimame pembeni, yule mpya akikosa mara mbili mzoefu anampokea. Mnaopinga, semeni nyie mara yenu ya kwanza ilikuwaje, na mtoto alishikwa na nani.