Mzee katupia picha ya "mwizi wa karafuu" kwenye grupu la kijiji, mie ndiye admini. Nifanyeje?

Mchambua_Vikonyo (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa. Naomba ushauri wa haraka, na mnijibu kwa staha maana jambo linahusu mtoto wa watu na mzee wa watu.

Mie niko Pemba, upande wa Wete, kijiji sikitaji. Tuna grupu la WhatsApp la kijiji na maadmini ni wawili, mie na mwenzangu aliyeko Maskati ambaye simu huishika usiku tu akitoka kazini. Grupu ni la misiba, harusi, maji yakikatika, mbuzi wa mtu akipotea. Msimu huu karafuu zimeibiwa sana na watu wana hasira. Jana baada ya Isha mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyetusomesha karibu sote hapa, katupia picha ya kijana na chini yake sauti: mwizi wetu ndio huyu, mjueni. Na jina la mama yake kalitaja.

Picha nimeikuza nikaitazama vizuri. Imepigwa usiku kwa tochi ya simu. Mtoto kachutama pembeni ya jamvi, kashika polo, yaani gunia, lililojaa nusu, kafinya macho kwa ule mwanga. Ndani ya polo hakuonekani kitu. Hapajulikani ni shamba la nani wala nani kapiga. Mtoto namjua, ana miaka 15, yuko kidato cha pili.

Kufika Alfajiri matusi yamejaa. Dada yangu aliyeko Unguja kaniletea picha ile ile kutoka grupu jengine, na juu yake imeshaandikwa kuwa imesambazwa mara nyingi. Mama wa mtoto simu yake ni ya kitochi, kayasikia kwa majirani. Mtoto leo skuli hakwenda.

Uwezo wa kuifuta ninao. Lakini admini akifuta ujumbe wa mtu, WhatsApp inaandika pale pale nani kafuta. Jina langu likae juu ya ujumbe wa mwalimu wangu mbele ya kijiji kizima? Au nimuendee kwanza? Na mie kama admini sheria inaniangaliaje?

Kojani_Asilia

Wacha aonekane. Mnaotetea hamna mikarafuu. Mtu kalipa wachumaji kwa pishi, kaanika, kalala macho, asubuhi anakuta jamvi tupu. Msimu mmoja ndio bati la nyumba na ndio ada za watoto. Sheha kaambiwa, polisi wameambiwa. Picha angalau inatia adabu.

Bi_Mwanamkasi

Kojani, hasira yako naielewa, ila hebu niambie, kwenye hiyo picha mtoto anaiba nini? Wanangu mimi kila msimu wanalinda majamvi ya mjomba wao. Mawingu yakitanda usiku wanaamka mbio kuzizoa karafuu na kuzitia kwenye mapolo zisirowe. Ukiwamulika tochi saa nne ya usiku utawakuta vile vile, wamechutama, polo mkononi, macho wameyafinya. Hiyo ndiyo kazi yenyewe! Sisemi huyo hakuiba. Nasema picha haijasema kitu, aliyesema ni mwenye sauti.

Mchambua, futa.

Fundi_Simu_Darajani

Nakuja upande wangu wa ufundi.

Angalia saa. Nafasi ya kufuta ujumbe kwa watu wote si ya milele, ni kama siku mbili tangu utumwe. Picha imetupwa jana usiku, kwa hiyo mukianza vikao leo, kesho barza, keshokutwa mwaliko wa chai, mutakuja kukuta haifutiki tena kwa wote na itabaki kwenye grupu hilo mpaka siku grupu litakapokufa.

La pili, mzee akikubali kufuta mwenyewe, kaa naye. Wazee wengi wanabonyeza "futa kwangu". Inaondoka kwenye simu yake, anafurahi, anakwambia tayari, na kijiji kizima bado kinaiona. Ukishafanya hivyo kuirudia ni tabu. Mwekee kidole penye "futa kwa wote". Na sauti nayo ifutwe, watu wanasahau sauti wakashughulika na picha tu.

Nakala zilizokwisha toka hapo hazirudi kwa kufuta hapo. Kila grupu ilikoingia aombwe admini wake. Halafu kwa siku chache weka grupu kwenye mpango wa maadmini peke yao kuandika, matusi yapoe. Hilo halimfedheheshi mtu, unasema tu grupu limefungwa kwa muda.

Pwani_Mchangani

Tupia na sisi hiyo picha tuone kama kweli ni jamvi au vipi.

Mchambua_Vikonyo

@Pwani_Mchangani siitupii.

Wakili_wa_Barzani

Kaka Mchambua, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika bara na visiwani. Kifungu cha 16 kinamgusa anayechapisha taarifa, iwe picha, maandishi au namna nyengine, huku akijua ni ya uongo au ya kupotosha, na akiwa na nia ya kumchafulia mtu jina, kumtisha au kumtukana. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mtaona kuna mambo mawili ya kuthibitishwa, kujua na nia. Kwa hivyo simuwekei mzee pingu leo, huenda anaamini kwa dhati alichokisema. Lakini kuanzia pale atakapoelezwa kuwa hana ushahidi, akaendelea kuisambaza, utetezi wa "sikujua" unaanza kuyeyuka. Na hilo linawahusu wote walioipeleka kwengine, sio yeye peke yake.

Wewe sheria haikushiki kwa kuwa tu ni admini, inamtafuta aliyechapisha. Ila usijifiche hapo. Umeshaiona, umeshajua ni ya mtoto, na kitufe cha kufuta uko nacho mkononi. Kukaa kimya kwako kuna uzito wake hata kama hakuna kifungu.

Jambo ninalolikazia zaidi ni umri. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hata angekamatwa na karafuu mfukoni, mahala pake ni kwa mzazi wake, sheha, na polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Grupu la misiba si mahakama.

Kojani_Asilia

Sasa mwizi ana haki kuliko mwenye karafuu.

Wakili_wa_Barzani

Mwenye karafuu ana haki ya kwenda kituoni akaandikisha. Wewe zako umeandikisha?

Kojani_Asilia

Nitaandikishaje na mwizi simjui.

Bi_Mwanamkasi

Simjui, lakini picha wacha ionekane 😅

Ukhty_wa_Micheweni

Mie naongea habari ya mzee, maana naona sote tumeshika simu na sheria. Mwalimu hasahihishwi mbele ya wanafunzi wake. Ukifuta bila kumwambia, kesho atasimama msikitini aseme vijana hawana adabu, na nusu ya kijiji watasimama naye, na mtoto atasahauliwa. Muendee leo hii. Usimwambie "umekosea". Muulize kama mtu anayetaka kujua: mwalimu, picha umeipiga wewe? Shamba la nani? Mwenye shamba kasemaje? Yeye si ndiye aliyekusomesheni Suratul Hujurat, ile aya ya 6, ya kuichunguza khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua? Huna haja hata ya kumkumbusha. Akijibu maswali yako mwenyewe ataifikia.

Akikataa, futa, na jina lako likae hapo.

Mpemba_Ughaibuni

Naunga mkono ukhty. Na huku nje mujue picha hizi zinafika kabla ya salamu. Mimi niliiona jana usiku ule ule, kwenye grupu ambalo hakuna hata mtu mmoja anayemjua huyo mtoto, na watu wanashauri akatwe mikono.

Mchambua_Vikonyo

Nashukuruni sana. Naleta mrejesho.

Nilikwenda baada ya Alasiri, nikamkuta barzani na wenzake wanacheza bao, nikaona hapa hapasemeki. Nikangoja mpaka tukatoka Magharibi nikaongozana naye njiani. Nikamuuliza kama alivyosema Ukhty. Picha hakuipiga. Kaletewa na mpwa wake, na mpwa naye kaipata kwenye grupu jengine. Shamba la nani? Akataja jina moja, akajirudi, akataja jengine. Halafu akanyamaza tukatembea kidogo, akaniuliza, "Wewe umekuja kunisomesha?" Nikamwambia hapana mwalimu, nimekuja kukuuliza.

Tukakaa mlangoni kwake. Na kweli Fundi, kidole chake kilikuwa kinakwenda kwenye "futa kwangu", nikamshika mkono! Picha imeondoka na sauti imeondoka. Kuomba radhi kakataa. Kasema haombi radhi kwa kijana ambaye hajui kaiba au hakuiba. Ila kaandika mwenyewe, kwa tahajia zake safi kama ubaoni: "Picha niliyoileta jana sikuipiga mimi na aliyeipiga simjui. Nimeiondoa. Aliyeipeleka kwengine naye aiondoe." Grupu nimelifunga mpaka Ijumaa.

Kwa mama wa mtoto nimekwenda na mke wangu. Kapokea khabari, hakusema mengi. Ameuliza tu kama skuli wameiona.

Bi_Mwanamkasi

Basi zungumza na mwalimu wa darasa kabla mtoto hajarudi. Watoto wenziwe ndio watakaomla nyama.

Mchambua_Vikonyo

Nitakwenda asubuhi. Ya Unguja bado inazunguka, dada kamuandikia admini wa kule tangu mchana, kaisoma, hajajibu.

Fundi_Simu_Darajani

Ampigie. Maandishi mtu anayaruka. Na amwambie ni mtoto wa miaka 15, hilo ndilo linalowashtua.

Kojani_Asilia

Haya, na karafuu zangu mie?

Mchambua_Vikonyo

Nenda na sheha kituoni ukaandikishe, yakhe. Siku ulipotangaza kwenye grupu kuwa jamvi limebebwa, ujumbe wako upo bado na tarehe yake na saa yake. Uoneshe huo. Ukitaka nifuatane nawe, niambie siku.