Mahodhi ya kuogea kwenye mji wa mgao: yapigwe marufuku, yatozwe kodi, au tuyaache?

Mtoa mada: Wadau poleni na baridi. Niko Mbeya, Forest. Kuna gesti jirani imeweka yale mahodhi ya kuogea ya kulala, wengi tunaita jakuzi ingawa jakuzi ni lile la kutoa mapovu, sasa huku mtaani maji ya mgao, leo yapo kesho hayapo, halafu mtu mmoja amejilaza humo kama kiboko. Mimi nasema jiji lipige marufuku au liwatoze kodi. Na si jambo geni, Boston mwaka 1845 walikataza hodhi mpaka uwe na ruhusa ya daktari, Virginia wakatoza dola 30 kwa mwaka kila hodhi. Nipingeni.

Mwalimu mstaafu: Mwanangu hapo umepigwa. Hiyo stori aliitunga mwandishi wa Marekani, H. L. Mencken, kwenye gazeti la New York Evening Mail, 28 Desemba 1917, yote, Boston, Virginia, mpaka rais Fillmore kuingiza hodhi la kwanza Ikulu ya Marekani. Mwaka 1926 akakiri mwenyewe ni utani, watu wakaendelea kuinukuu tu, na wewe leo umejipanga nyuma yao.

Mtoa mada: Shikamoo mwalimu. Nimepigwa kweli. Ila maji bado hayatoki.

Fundi bomba Uyole: Tupige hesabu basi. Hodhi la kawaida ukijaza vizuri linakula kama lita 150, hizo ni ndoo saba na nusu za lita 20, sisi wengine ndoo moja unaoga na inabaki ya kusuuza miguu. Simtanki la lita 1000 wageni saba wamelimaliza. Halafu maji ya huku mwezi wa sita mnayajua, kuyatoa nyuzi 15 kuyafikisha 40 ni yuniti nne na ushee za luku kwa mgeni mmoja, kama sio zaidi maana hita nyingi zimejaa magadi.

Msanii wa Iringa: Mimi naogopa hodhi kwa sababu nyingine kabisa 😂 Marat wa mapinduzi ya Ufaransa alikuwa na ugonjwa wa ngozi, kutwa yumo ndani ya maji anaandika, Charlotte Corday akamfuata humohumo na kisu, 13 Julai 1793. Agamemnon, mfalme wa hadithi za Wagiriki wa kale, karudi vitani salama, mkewe akamuulia bafuni. Hiyo tuliigiza chuoni kwa beseni la kufulia, mfalme miguu yote nje, watu walicheka mpaka kifo kikaharibika.

Mtoa mada: Mdogo wangu turudi kwenye mada.

Mama Gesti: Mada ni wivu. Mgeni katoka Dar anatetemeka, kalipia chumba, aoge kwa kopo? Mbona wanaoosha magari barabarani hamuwataji? Na mimi maji nachota kwenye kisima changu.

Fundi bomba Uyole: Mama mimi sisemi upigwe marufuku. Nasema bei ya maji ipande kwa anayevuka kiwango, awe na hodhi awe na bustani.

Mama Gesti: Haya, kisima changu mita yake utaisomea wapi?

Mtoa mada: Kibali cha kisima cha watu wa bodi ya maji ya bonde unacho mama?

Mama Gesti: Njoo ukione. Njoo na ndoo yako kabisa, najua nyumbani hayatoki.